Pedi ya Ndani Imelika, ya Nje Bado Nzima

Mtu akibadilisha diski na pedi za mbele, na baada ya miezi michache usukani ukaanza kutetemeka kila anapokanyaga breki, neno la kwanza atakaloambiwa gereji ni kwamba aliuziwa spea feki. Neno hilo nimelisikia Mtwara mjini, nimelisikia Masasi, na hivi karibuni nililisikia tena Lindi nilipoitwa kuitazama Toyota Probox ya mjomba wangu, ambayo ilifungwa diski na pedi mbadala, yaani zile zisizotoka kwa mtengenezaji wa gari, kabla ya msimu wa korosho kuanza. Pedi ya ndani ya gurudumu la kulia ilikuwa imelika vibaya ilhali za kushoto zilikuwa bado na nyama ya kutosha, yaani ile sehemu inayosugua diski. Spea mbovu zipo, tena nyingi, na nitazizungumzia. Hata hivyo, kwa gari linaloishi kwenye ukanda huu wa chumvi, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, mimi huanza kuvishuku vitu ambavyo havikubadilishwa siku ile spea mpya zilipofungwa: pini za kalipa (chombo kinachozibana pedi kwenye diski), braketi inayoibeba kalipa na pedi, uso wa habu ambako diski hukaa, na mpira wa breki unaoleta mafuta. Pedi mpya ikifungwa juu ya vitu vibovu italika kama ilivyolika ya zamani, kisha lawama zote zitamwangukia muuza duka.

Ushahidi umo kwenye pedi zenyewe, na kwa sababu hiyo huniudhi kuona zikifunguliwa na kurushwa pembeni kabla mwenye gari hajazitazama. Zinapotoka, ziandikwe mgongoni kwa chaki: kulia ndani, kulia nje, kushoto ndani, kushoto nje. Kisha zilazwe juu ya gunia kwa mpangilio uleule ziliokuwa nao kwenye gari, na kila moja ipimwe kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene, unene wa nyama yake katika ncha zote mbili. Pedi mpya ya gari dogo huwa na nyama ya milimita 10 hivi, na watu wengi huibadilisha inapobaki na 3. Vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa pedi za bei ya chini zisizo na maelezo yoyote huweza kuwa na asbesto; kitambaa kilicholoweshwa maji kinatosha.

Ili pedi hizo zisomeke, ni lazima mtu ajue jinsi kalipa ya magari yetu madogo inavyofanya kazi. Pistoni ni moja tu, nayo ipo upande wa ndani. Unapokanyaga breki, mafuta huisukuma pistoni, pistoni ikaisukuma pedi ya ndani hadi ikagusa diski, na baada ya hapo mwili mzima wa kalipa huvutwa kuelekea ndani ya gari na kuibana pedi ya nje upande wa pili wa diski. Mwili huo huteleza juu ya pini mbili zilizopakwa grisi na kufunikwa kwa mipira ya kuzuia vumbi. Kwa maneno mengine, pedi ya ndani inaitegemea pistoni, lakini pedi ya nje haipati nguvu yoyote mpaka pini zitembee.

Kwenye Probox ya mjomba, pedi ya ndani ya kulia ilikuwa imebakiwa na milimita 2 na ya nje ilikuwa na 8. Tofauti ya namna hiyo katika gurudumu moja, ilhali gurudumu la pili liko sawa, haiwezi kuwa kosa la kiwanda cha pedi, kwa kuwa zote nne zilitoka kwenye boksi moja. Kijana aliyekuwa akilifungua gari alikwishaipitisha kalipa hiyo kuwa ni nzima. Alishika kichwa cha pini ya juu kwa koleo, akakizungusha, akasema, "Unaona kaka, inazunguka vizuri, haina shida." Nikamwomba aivute na kuisukuma badala ya kuizungusha. Ya chini ilitoka kwa vidole viwili. Ya juu ilizunguka palepale ilipo na haikusogea hata kidogo. Ilipochomolewa hatimaye, baada ya kupigwapigwa kwa nyundo ya mpira, ilikuja na grisi iliyogeuka kuwa ulimbo wa kahawia, na katikati ya shina lake palikuwa na pete ya kutu iliyochimba chuma. Mpira wake wa vumbi ulikuwa umechanika kwenye mkunjo wa ndani, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ukunjue kwa kidole. "Haya, fundi," mjomba akasema, "pini inacheza ngoma lakini haitembei."

Mjomba alitaka pini isuguliwe kwa msasa na kurudishwa. Nilikataa, kwa kuwa kutu ikishachimba shimo, msasa hulipanua tu, na hapo ndipo maji yatakapokaa tena. Pini mpya na mipira yake huuzwa kwa seti, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya diski mbili. Jambo moja la kuangaliwa wakati wa kurudisha ni kwamba katika kalipa nyingi za Toyota pini mbili hizo hazifanani: moja ina kipande cha mpira au imesawazishwa upande, na nyingine ni ya duara tupu. Zikibadilishana nafasi, kalipa itaingia vizuri na breki zitashika, lakini itakuwa inakwama au kugonga. Grisi nayo iwe ya silikoni au ile iliyotengenezwa mahususi kwa pini za breki. Grisi ya kawaida ya beringi hutokana na mafuta ya petroli, na mafuta hayo huvimbisha mipira ya breki mpaka ikaishika pini kwa nguvu kuliko kutu. Nimeona kalipa kadhaa zilizouawa na grisi ya beringi mikononi mwa mafundi wenye nia njema kabisa.

Pini si mkosaji pekee. Pedi ya ndani huweza kulika vilevile ikiwa pistoni inasukumwa vizuri lakini hairudi, kwa sababu imepata kutu au kwa sababu mpira wake wa vumbi umepasuka. Kuzitenganisha sababu hizi mbili si kazi ngumu. Kalipa ikishafunguliwa, isukume pistoni irudi ndani polepole kwa klampu. Pistoni nzima hurudi kwa nguvu ya wastani isiyobadilikabadilika, na ile mbovu hukataa, au huenda kwa kuruka na kukwama. Tafadhali kalipa isiachwe ikining'inia kwa mpira wa breki wakati huo. Ifungwe kwa waya kwenye springi.

Ikiwa pedi ya nje ndiyo iliyolika kuliko ya ndani, maana yake mara nyingi ni kwamba kalipa ilikwenda lakini haikurudi, au kwamba pedi hiyo imebanwa kwenye braketi na inaendelea kuigusa diski hata baada ya mguu kuondoka kwenye pedali. Hapa pwani sababu ya pili ni ya kawaida sana. Kutu huota chini ya vile vibati vyembamba vya chuma ambavyo masikio ya pedi hutelezea, huvisukuma juu kwa sehemu ndogo ya milimita, na nafasi ya pedi ikawa imepungua. Vibati hivyo ving'olewe, kitako chake kwenye braketi kisuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, na virudishwe vipya kama boksi la pedi limekuja navyo. Kazi hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu haionekani gari likishafungwa.

Pedi iliyolika mshazari, nene ncha moja na nyembamba ncha nyingine, inaonyesha kwamba kalipa imekaa upande. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa kuwa ncha ambayo diski huifikia kwanza hufanya kazi zaidi. Tofauti ya milimita 2 au 3 inakupeleka moja kwa moja kwenye pini iliyokwama au kwenye sikio moja la pedi lililobanwa.

Zipo pia gari ambazo pedi zote mbili za gurudumu moja zimekwisha kwa usawa ilhali za gurudumu la pili hazijaguswa. Hapo mshukiwa wangu ni mpira wa breki. Kwa nje unaweza kuwa umependeza, lakini ndani umevimba na njia ya mafuta imebana; mguu wako una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, ila mafuta hayana nguvu ya kurudi yenyewe. Inua gurudumu kwa jeki, mwenzako akanyage breki na kuachia, kisha jaribu kulizungusha kwa mkono. Likiwa limeshika, legeza kidogo ile nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakichirizika na gurudumu likaachia papo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa, na mpira ubadilishwe. Likiendelea kushika, rudi kwenye pistoni na pini.

Sasa, lini spea yenyewe ina hatia? Kigezo changu ni usawa wa kulia na kushoto. Ikiwa magurudumu yote mawili yameonyesha tabia ileile mbaya, na pini, pistoni na braketi za pande zote ni nzima, hapo natazama nilichonunua. Pedi mbadala za bei ya chini mara nyingi hupakwa rangi nene hadi kwenye masikio, na rangi hiyo peke yake inatosha kuzifanya zibane kwenye braketi. Pedi inatakiwa kuingia kwa vidole na kuteleza; ikidai nyundo, rangi ya kwenye masikio ipigwe tupa, na ikiwa baada ya rangi kwisha bado chuma chenyewe ni kipana, irudishwe dukani.

Pembeni au mgongoni mwa pedi huwa kuna maandishi yanayofaa kusomwa kabla ya kulipa. Herufi mbili zilizofuatana, kwa mfano FF au GG, zinaeleza kipimo cha msuguano, ya kwanza wakati pedi ina joto la kawaida na ya pili wakati imepata moto. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi iliyoandikwa FE, basi, hupungua nguvu inapochemka, na mtu anayeteremka na mzigo kutoka Newala kwenda Masasi ana sababu ya kuikwepa. Herufi hizo hazisemi chochote kuhusu muda ambao pedi itadumu, ingawa wauzaji huzitaja kana kwamba zinasema. Alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R inamaanisha pedi ilipimwa kwa kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayotaka utendaji wake usitofautiane na wa pedi ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Bila shaka mtu mwovu anaweza kuchapisha alama yoyote, lakini pedi isiyo na alama hata moja mimi siinunui.

Upande wa diski una utata zaidi, na ndiko kwenye lawama nyingi zisizo za haki. Usukani ukitetemeka, watu husema diski imepinda kwa moto. Mara nyingi haikupinda. Kinachotokea ni kwamba diski haikukaa sawa juu ya habu, kwa hiyo kila inapozunguka inayumba kidogo na sehemu ileile inaipiga pedi hata wakati hukukanyaga breki. Baada ya kilomita elfu chache sehemu hiyo inakuwa nyembamba kuliko nyingine, au inashika utando wa pedi, na unene wa diski unakuwa haulingani. Ni unene huo usiolingana ndio unaousukuma mguu wako na kuutikisa usukani. Ndiyo sababu diski mpya huwa tulivu mwanzoni, tatizo likajitokeza miezi baadaye, na ndiyo sababu watu huamini kwamba "imechoka haraka".

Kikomo cha kuyumba ambacho watengenezaji wengi wanakubali ni karibu milimita 0.05. Ganda la kutu kwenye uso wa habu halihitaji kuwa nene ili kukipita kikomo hicho, kwa kuwa kosa la karibu na kitovu huongezeka kadiri unavyokwenda ukingoni mwa diski. Kabla ya diski kufungwa, habu isuguliwe mpaka kidole kisihisi kitu, hasa kuzunguka kila skrubu ya gurudumu ambako brashi ya kawaida haifiki vizuri. Diski mpya nayo ioshwe mafuta yake ya kuzuia kutu, pande zote mbili, kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki.

Kujua kama anayeyumba ni diski au ni habu kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Diski ibanwe kwenye habu kwa nati zote za gurudumu zilizowekewa washa, kwa sababu diski iliyolegea itadanganya. Geji ya mshale ielekezwe karibu na ukingo, diski izungushwe polepole, na mahali mshale unapopanda zaidi patiwe alama ya chaki kwenye diski na kwenye skrubu ya habu iliyo karibu nayo. Kisha diski ifunguliwe, igeuzwe kwa skrubu mbili, ifungwe na kupimwa tena. Sehemu iliyoinuka ikihama pamoja na chaki ya diski, diski ndiyo mbaya. Ikibaki kwenye skrubu ileile, kosa ni la habu au beringi, na hata ukinunua diski ya bei kubwa kuliko zote madukani tatizo litabaki. Wakati mwingine kugeuza huko peke yake hufanya makosa mawili madogo yafutane, na kazi ikaishia hapo. Gereji nyingi za huku hazina geji hiyo. Waya uliofungwa kwenye shokamzoba ncha yake ikikaribia diski utaonyesha kuyumba kukubwa tu, wala si kwa milimita 0.05.

Diski mbadala mbovu hujitambulisha pia kwenye ukingo. Diski ya mbele ina kuta mbili zenye matundu ya hewa katikati. Pima unene wa kila ukuta kwa venia sehemu kadhaa. Ukuta mmoja ukiwa mwembamba waziwazi kuliko mwenzake, chuma kilisogea wakati wa kumiminwa kwenye kalibu, na diski hiyo itapanuka vibaya ikipata moto. Soma pia maandishi ya MIN TH, ambayo ni unene wa mwisho unaoruhusiwa. Diski ya milimita 22 mara nyingi huwa na kikomo cha 20. Mafundi wa kukereza wanaweza kuirudishia uso mzuri diski iliyolika, lakini ikishuka chini ya namba hiyo haifai kurudi kwenye gari, na ikikerezwa kwenye mashine isiyoishika sawasawa itarudi ikiyumba kuliko ilivyokwenda.

Nati za magurudumu zinahusika pia. Toyota ndogo nyingi hutaka ubano wa nyutoni mita 103, kwa mtindo wa msalaba. Fundi pancha wa barabarani aliyesimama juu ya spana kwa mguu mmoja anazidisha mno, na anazidisha kwa kiasi tofauti kila nati; diski na habu hulazimika kufuata mkunjo huo.

Bati la nyuma ya diski nalo lisitupwe kwa sababu tu linapiga kelele. Linyooshwe. Likikosekana, mchanga wa pwani na udongo mwekundu wa Newala hurushwa moja kwa moja kwenye uso wa ndani wa diski, ukachimba mifereji ambayo uso wa nje hauna.

Baada ya kufunga, pedi na diski huhitaji kuzoeana. Asubuhi barabara ya kwenda Mikindani inapokuwa tupu, mimi hupunguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10 mara nyingi mfululizo, kwa mguu wa wastani, nikiacha hewa ipite kati ya mara moja na nyingine, na sisimami nikiwa nimekanyaga breki iliyochemka, kwani hapo pedi huacha alama yake kwenye diski. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Hunyonya unyevu wa hewa, na mafuta ya aina ya DOT 3, ambayo ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, inaposhiba maji kikomo chake hushuka hadi 140. Unyevu huohuo ndio unaoipa pistoni kutu kwa ndani.

Probox ilifungwa pini na mipira mipya pande zote mbili, vibati vipya, habu ikasuguliwa, na pedi nne za chapa ileile iliyokuwa imeitwa feki. Diski ya kulia ilionyesha kwenye kipimo kwamba unene wake haulingani, kwa hiyo zilibadilishwa zote mbili, mjomba akilalamika kuhusu ile ya kushoto. Baada ya safari kadhaa za Nachingwea nililifungua gurudumu la kulia na kupima: pedi ya ndani na ya nje zilipishana kwa chini ya nusu milimita. Nyuma ambako kuna dramu bado sijagusa, na kwa jinsi hendibreki inavyopanda juu kabla ya kushika, naamini breki za mbele zimekuwa zikibeba kazi isiyo yao. Hiyo itasubiri mjomba asahau bei ya diski.